Mwendo wa Harufu ya Udi

Nilichoma udi wote wa mama. Hili nalisema mapema, kabla sijatafuta njia ya kulipamba. Si kipande, si viwili: kijaluba chake kizima cha bati, udi wa Bara Hindi ambao tangu vita vianze hata matajiri wa mtaani huusikia kwa jina tu. Niliuchoma alasiri, nyumbani kwetu Kibokoni, kwa ajili ya elimu.

Mwanzo wa balaa ni mwalimu wetu wa sayansi. Alituambia hewa ni chembe ndogondogo zisizoonekana, nazo hazitulii hata kufumba jicho: zinakimbia kila upande, zinagongana, zinagonga kuta, na kule kugonga ndiko kunakoufanya mpira wa baiskeli uwe mgumu. Ukizibana mahali padogo, zitagonga zaidi. Ukizitia joto, zitakimbia zaidi. Mpaka hapo tulikuwa pamoja. Kisha akasema chembe hizo zina mbio kulishinda gari la moshi linaloteremka Kilindini, tena mbali sana. Zina mbio za risasi.

"Mwalimu," nikasema, "kama ni hivyo, mbona mama akikaanga samaki, mimi niliyeko darini huchelewa kupata habari?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alisema zinazuiana njiani, kama mtu anayekimbia sokoni mkesha wa Idi: miguu anayo, njia hana. "Kama huamini, kajaribu mwenyewe." Halafu, hata kabla sijaimeza hiyo, akaandika ubaoni sheria za gesi kamilifu, ambayo chembe zake hazina ukubwa wala hazivutani. Nikauliza gesi hiyo inapatikana wapi. Akasema haipatikani popote duniani. Nikaduwaa. Ati gesi ambayo haijazaliwa imeshatungiwa sheria, na sisi tuliozaliwa tunachapwa kwa kutozijua!

Basi nikaenda kujaribu. Mama alikuwa matangani, baba yuko Unguja kwa biashara zake. Nyumbani tulibaki mimi na dada yangu, na dada alikuwa na lake. Wiki ile alikuwa ameletewa posa. Baba alimwachia mama jibu, na mama akamwachia dada mwenyewe, akamwapia kwamba hakuna atakayemjibia. Dada alikuwa bado anafikiri. Asubuhi anataka, jioni hataki, na mimi nikimwuliza hunitupia kiatu.

Nikatia makaa kwenye chetezo, nikakiweka sebuleni, nikapanda orofani alikokuwa.

"Dada, ukisikia harufu, piga kelele."

"Harufu ya nini?"

"Ya elimu."

"Hiyo siijui, wala weye huijui. Haya, toka."

Nikateremka, nikatia kipande cha udi. Moshi ukapanda.

"Imefika?"

"Bado!"

Nikangoja. Nikaongeza.

"Na sasa?"

"Bado!"

Nikadhani labda chembe zimelala, nikapuliza makaa zipate joto. Nikafunga mlango wa uani zibanike. Dirisha la njiani sikulifunga, maana moshi ulikuwa ukinitoa machozi. Nikatia tena, nikatia tena. Bado! Risasi gani hii isiyoweza kupanda ngazi? Nilipoingiza mkono kijalubani, vidole vikagusa bati tupu.

Hapo ndipo nikasikia kigelegele njiani.

Mtaani kwetu ubani huchomwa kila jioni na hakuna anayeuliza. Udi hauchomwi bure. Na nyumba yenye posa ambayo haijajibiwa, ikinukia udi mchana kweupe, hiyo imeshajibu. Mshenga aliyeileta posa anakaa nyumba ya pili, na pua yake haikuhitaji kuelezwa. Akaingia akipiga vigelegele, nyuma yake majirani na mabuibui yao, mpaka sebule ikajaa na kelele zikawa zinagonga kuta. Nikabusiwa utosini na watu ambao jana walikuwa wakinifukuza vibarazani mwao.

"Umepata shemeji, mwanangu!" mshenga akaniambia. "Nguo za bibi arusi mshazifukiza?"

"Bi mkubwa, hizi ni chembe tu. Zinagongana."

"Na wagongane! Ndiyo ndoa hiyo!"

Dada akatokeza kichwa juu ya ngazi, kitambaa puani.

"Kuna nini huko chini?"

"Kwani weye hunusi?" nikamlilia.

"Ninuse kwa pua gani? Nina mafua tangu juzi!"

Kisha akatambua vile vigelegele ni vya mshenga. Akaketi kwenye ngazi.

Mama akaingia. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi moja. Akaangalia chetezo, akaangalia kijaluba, akaniangalia mimi. Mshenga akamkimbilia.

"Mbona umenificha, shoga? Habari nimeletewa na pua! Nimeshatuma mtu kwa wakwe, waje kesho."

"Basi tuma mwengine akamrudishe," mama akasema taratibu. "Aliyechoma udi ni huyu mwanangu wa kiume. Mwenye jibu yuko pale juu, na hajasema."

"Na harufu je? Mtaa mzima umeisikia!"

"Harufu haiolewi."

Wakatoka mmoja mmoja; mshenga hakuaga. Dada akainuka, akarudi chumbani kwake kufikiri, wala hakunitupia kitu. Nikataka kumweleza mama. Kwamba chembe zina mbio lakini huchelewa. Kwamba harufu iliyoshindwa kuingia pua moja juu ya ngazi imefika kwa wakwe, na sijui ni kwa sheria ipi. Kwamba yote haya ni ya gesi ambayo haipo. Nilipofika hapo hata mimi sikujua tena ninasema nini. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, huku akivua buibui. Kisha akasema:

"Kila nyumba iliyofikiwa na harufu hiyo, kesho utabisha hodi useme udi ulikuwa wako weye. Na wakikuuliza unaoa ama unaolewa, waambie mama hajali. Anayekutaka na aje akuchukue."