Mtu wa Langoni Ndani ya Lenzi

Hii haikuwa ndoto, wala sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa kidato cha pili hapa Isiolo, mchana peupe, somo la Fizikia.

Mwalimu alitugawia lenzi, moja kwa watu wawili. Akafunga mapazia yote, akaacha dirisha moja tu linalotazama lango la shule. Tushike lenzi mbele ya karatasi nyeupe, alisema, tuisogeze polepole mpaka picha ya nje itulie. Itatokea kichwa chini miguu juu, na kulia kutakuwa kushoto.

Halima, niliyekaa naye dawati moja, alishika karatasi, mimi lenzi. Lango likatokea limepinduka, na rangi zake zote. Tukacheka. Halafu nikaona mwanamume langoni, mdogo kama njiti ya kiberiti, shuka begani, amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo. Akainua mkono ule mwingine, polepole.

"Huyo mzee anakuita wewe?" Halima akauliza.

Niamini, hata yeye alimwona. Wewe ungefanya nini? Niligeuka kuangalia dirishani. Langoni kulikuwa na mbuzi tu. Niliporudisha macho kwa karatasi, hakuwepo.

Jioni nilimweleza mama akifunga sukuma wiki zake za kuuza. Baba yangu aliugua akafa kule Kipsing nikiwa bado nabebwa mgongoni, na hatuna hata picha yake moja. Mama akaniuliza fimbo ilikuwa mkono gani. Nikasema wa kulia. Akashusha pumzi, akasema basi si yeye, baba yako alitumia wa kushoto.

"Lakini mama," nikamwambia, "kwa lenzi, kulia ni kushoto."

Mama akakaa chini. Hakulia. Aliniuliza tu kama alikuwa bado amekonda. Nikasema hapana.

Asubuhi alikuja shuleni amejifunga leso ya kanisani. Hakuwahi kuingia darasani maishani mwake. Mwalimu hakumuuliza mengi, alimpa lenzi. Mama akaishika kwa mikono miwili mpaka kengele ikalia. Aliona lango, basi. Hata hivyo alilisalimia kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini, akamshukuru mwalimu, akaenda sokoni.

Siku hizi nina lenzi yangu mwenyewe. Nikitafuta nyumba ya kupanga, naangalia kwanza dirisha linatazama wapi. Na wewe nakuambia: ukimwona mtu wako namna hiyo, usikimbilie kugeuka uhakikishe. Mwangalie kwanza. Mimi niligeuka.