Masizi Kwenye Kanzu ya Ubatizo

Nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Wakati ule wa uasi nilikuwa shemasi hapa Songo, na kila Jumapili nilikataza watu kuchanjwa ile dawa ya waasi ya kugeuza risasi kuwa maji. "Tuombe, tupendane, tumutegemee Mungu!" Sauti nilikuwa nayo. Moyo ndio sikuwa nao. Risasi ziliposogea, nilikwenda kwa mganga wa waasi kwa siri, akanichanja kifuani na kunipaka masizi, akasema nisioge siku saba. Nikafunga vifungo vya shati, nikarudi kuongoza maombi.

Siku ya tatu mjane mmoja alifika akikimbia kutoka Mutarule. Zamani alikuwa akisali kwetu na mume wake. Akaomba ubatizo. Pasta alikuwa amekimbia, basi mimi mpumbavu nikavaa kanzu nyeupe, nikaingia ziwani kwa madaha. Kifua changu sikukikumbuka hata kidogo.

Nilimzamisha, maji yakanifika shingoni. Tulipoinuka, wamama ufukweni wakakatisha wimbo. Kanzu ilikuwa imenigandia mwilini, na masizi yalikuwa yakishuka juu yake mistari mistari.

Mjane alifuta maji machoni, akagusa pale kifuani.

"Shemasi, hii si dawa yao?"

Nikafunika kifua kwa mkono mmoja; ule mwingine alikuwa ameushika.

"Mume yangu, waasi walimuuwa juu ya kukatala kuchanjwa," akasema polepole, bado amenishika mkono. "Aliwaambia, shemasi wetu wa Songo amekatala."