Anayewajua Atoke Nje

Ombi la akina mama Wakenya wa Brooklyn Center, kitongoji cha Minneapolis, lilipojadiliwa, mimi nilikuwa nje ya mlango, kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya maji. Ndiyo kanuni ya mfuko wa misaada wa Kiyahudi ninakofanya kazi: anayewajua waombaji atoke nje. Nami nilikuwa nawajua. Nimekula kwao, nimelia nao matangani. Sikuona ubaya wa kanuni hiyo, na hata leo sisemi ni mbaya. Nimetoka mahali ambapo basari ya masomo ilikwenda kwa mpwa wa karani, na mimi sikuwa mpwa wa mtu. Shule yangu iliishia hapo.

Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Walitaka gari la kuwachukua wazee wetu mara moja kwa wiki, miezi ya baridi, liwapeleke Roseville, kwenye lile jumba kubwa la maduka. Wazee hawa waliletwa Marekani na watoto wao ili walee wajukuu. Sasa wajukuu wako shule, watoto wako hospitalini wakifanya shifti mbili, na mzee amebaki na televisheni asiyoielewa. Nje ni barafu. Akiteleza, nyonga imekwenda. Kule Roseville sakafu ni kavu na kuna joto. Wanatembea wawili wawili kutoka mwisho huu hadi ule, halafu wanakaa na kuongea. Hakuna anayenunua kitu. Najua, kwa sababu niliwahi kuwapeleka kwa gari langu. Tulipokuwa tunarudi, nyanya mmoja anayekaa na bintiye kwenye fleti ya juu aliniambia, "Leo nimeongea mpaka koo linauma."

Mlango ulipofunguliwa nikaambiwa limekataliwa. Wasomaji wa maombi waliona maneno "kwenda madukani" wakashindwa kuelewa kwa nini pesa za wazee zilipie watu waende kununua vitu. Lilikuwa swali la haki. Walioandika hawakueleza zaidi, na mtu ambaye angeweza kueleza alikuwa nje, anakunywa maji.

Sasa, tuna kikundi chetu. Kila mwezi sisi tunaofanya kazi katika mashirika ya Kiyahudi ya hapa Minneapolis na Saint Paul tunakutana kufundishana kazi: yupo anayesimamia chakula cha wazee, yupo anayepanga watu wa kutembelea wagonjwa, na tupo sisi wa mifuko ya misaada. Hakuna mwalimu. Tunaanza kwa kusoma kifungu kifupi cha maandiko yao ya kale, wawili wawili, na wenzangu wanabishana nacho. Kanisani kwetu kifungu kikishasomwa, tunasema amina. Mwanzoni nilikaa kimya nikidhani wanagombana. Nilidhani pia kwamba ni mimi peke yangu nisiye na digrii mle ndani. Labda siyo. Sijawahi kuuliza.

Kikundi ndicho kilichotufundisha jinsi ya kukataa ombi. Tulikubaliana kwamba aliyekosa aambiwe kwa sauti ya mtu, siyo kwa barua. Kwamba jibu litangulie, katika sentensi ya kwanza kabisa, asining'inizwe. Na kwamba anayemjua ndiye ampigie simu.

Nikampigia mama aliyewaongoza wenzake kuomba. Lakini utampigiaje mama wa rika la mama yako uanze na hapana?

"Mama, habari za asubuhi?"

"Nzuri, mwanangu! Za kazi?"

"Nzuri. Watoto wote wazima?"

"Wazima, tunamshukuru Mungu. Na kijana wako wa college?"

"Anaendelea."

"Na ule mguu?"

"Ulipona, mama."

Kila nilipojibu, sauti yake ilipanda. Mwenye habari mbaya hakawii hivi kwenye salamu. Hilo nililiona nikiwa nimeshachelewa.

"Ngoja, nakuweka spika. Niko na wazee hapa kanisani. Haya, waambie wenyewe!"

Nyuma yake mtu akapiga kigelegele.

"Mama, toa spika kwanza."

"Acha kuturingia bwana, sema!"

"Hatukupata," nikasema. Kisha nikajiona mwongo, maana sikuwa miongoni mwa walioomba. "Ombi lenu halikukubaliwa."

Nikasikia kiti kikivutwa. Mzee mmoja akauliza, "Amesema aje?" Mtu akamweleza kwa Kikisii, nami nikaisikia hapana yangu mara ya pili, kwa lugha nisiyoijua.

Mama akatoa spika. "Sisi tulikuwa na amani," akasema polepole. "Tulisema, kuna mtu wetu mle ndani."

"Nilikuwa nje, mama. Anayewajua waombaji hutolewa nje, pasiwe na upendeleo."

"Upendeleo hatukuomba. Kwa hivyo hakuna aliyewaambia hatununui kitu?"

"Hakuna."

"Haya. Mungu akubariki."

Nililipeleka jambo hilo kikundini. Desturi ni kwamba mwenye jambo analieleza, kisha ananyamaza na kusikiliza. Mzee mmoja, aliyefanya kazi ya mifuko kwa miaka mingi kuliko sisi wote, aliitetea kanuni. Alisema ameona enzi ambapo marafiki walipewa kwa sababu ya urafiki, na asiye na mtu ndani akaondoka mikono mitupu. Moyoni nikakubali: huyo asiye na mtu nilikuwa mimi.

"Lakini hapa hatukuzuia upendeleo," akasema dada wa chakula cha wazee. "Tulizuia ukweli usiingie."

"Na mpaka uko wapi?" mzee akauliza. "Anayekupenda siku zote atakueleza vizuri."

Tukabishana na swali hilo kama tunavyobishana na kifungu.

Mwishowe tulikubaliana kuziomba ofisi zetu kwamba anayewajua waombaji aingie kwanza, ajibu anachoulizwa, kisha atoke kabla ya uamuzi. Mzee alikubali, akasema wazi kwamba hajaridhika. Nilimheshimu kwa hilo. Ofisi yangu ikaipokea kanuni hiyo mpya, kwa maombi ya msimu ujao.

"Na hili lililokwisha kukataliwa?" dada yule aliniuliza.

Nilisema libaki limekataliwa. Ni mimi niliyesema, hakuna aliyenilazimisha. Kulikuwa na wengine waliokataliwa siku ile ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewajua. Tukilifungua hili, wao nani atawafungulia? Nilisema hivyo huku nikimwona kwa mawazo yule nyanya dirishani kwake, na sina hakika kama ilikuwa haki au woga wa kuonekana nawapendelea wa kwetu.

Nikampigia mama tena, nikamweleza yote, pamoja na nilichosema mimi.

"Kwa hivyo msimu ujao utaruhusiwa kuongea."

"Ndiyo, mama."

"Yule nyanya wa fleti ya juu anarudi Kenya. Amemwambia bintiye heri akaongee na kuku." Akacheka kidogo, peke yake. "Lakini wengine wapo. Tutaandika tena."

Nikamwambia nitawasaidia kuandika, niweke wazi habari ya barafu na ile sakafu kavu.

"Hapana," akasema. "Ukiandika wewe, watasema ombi ni lako. Sisi tutaandika wenyewe. Wewe ungoje uulizwe."

Nilitaka kubisha, nikaona anasema kweli.