Wivu wangu ulirudisha magunia ya mpunga chumbani kwa mama

Admin, jina langu lisionekane tafadhali, maana hapa Ifakara tunajuana. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu. Tunaishi Kibaoni mimi, baba, mama na mdogo wangu wa darasa la pili. Mimi si muongeaji. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo ila sauti haitoki. Ndiyo maana nimeona niandike huku.

Mama yangu anaumwa aleji, huu mwaka wa pili. Ilianza msimu wa kuvuna. Mafua hayaishi, macho mekundu, ngozi inamwasha mpaka anajikuna kwa chanuo. Akipepeta mchele anapiga chafya hadi anakaa chini. Kulala halali vizuri. Kidogo kidogo akawa mtu mwingine. Aliacha kwaya. Aliacha kunisuka, na kunisuka Jumapili ndiyo ulikuwa muda wetu wa kupiga stori. Nikitoka shule nikamwamkia, anaitikia "marahaba" bila hata kuniangalia. Baba anasema, "Mama yenu anadeka tu. Mtu mzima unalilia mafua?" Mimi nikaanza kuamini kwamba hanitaki.

Halafu akaja mama Kabula. Ni jirani yetu, Msukuma, anauza maziwa mtindi. Siku moja natoka shule nikasikia mama anacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake kwa miezi. Nikachungulia uani, nikamkuta amekaa kwenye kigoda, mama Kabula anampaka mafuta mgongoni. "Wewe mayu, ukichakura hivi mumeo atadhani amefuga kuku!" Mayu kwa Kisukuma ni mama. Mama anacheka mpaka anakohoa. Nilipowaamkia, akaacha. "Chakula kipo jikoni," akaniambia. Basi, ni hayo tu. Jamani, niliumia.

Huyo mama Kabula ndiye aliyempeleka hospitali. Waliporudi nilikaa chini ya dirisha nikijifanya nasoma, nikawasikia. Daktari kasema aleji na sonona kwa watu wazima mara nyingi vinaandamana. Mtu hapumui vizuri, halali, anawashwa kila siku, mwisho na moyo nao unachoka. Kwa hiyo vyote vitibiwe. Atumie dawa, awe anarudi kliniki kuongea na mshauri, na magunia ya mpunga yatoke chumbani. Sisi, kama nyumba nyingi huku, mpunga tunauweka chumba cha kulala tukisubiri bei ipande. Magunia yamepangwa mpaka yanagusa kitanda, na mama analala na vumbi lile.

Kisha nikamsikia mama anasema taratibu, "Mwenzangu, kuna siku natamani nilale nisiamke. Usimwambie mtu."

Neno sonona nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza. Kwa Kiingereza nalijua, depression, tumelisoma shuleni. Na karatasi za hospitali zilikuwa za Kiingereza, mama Kabula mwenyewe kaishia darasa la saba. Ningewasomea mimi. Hakuna aliyeniita. Badala ya kumwonea mama huruma, mimi nikawa nawaza, kwa nini amwambie yeye, asiniambie mimi mwanawe?

Mama Kabula akajitolea kuyaweka magunia kwenye stoo yake. Baba alikuwa shamba, ng'ambo ya mto, vijana wakayahamisha kwa bajaji. Haukupita mwezi, mama akaanza kupika mwenyewe, akaenda hata kwaya. Ningepaswa kufurahi. Lakini Jumapili moja nikamkuta anamsuka Kabula. Ananisuka nani mimi? "Na wewe njoo, utafuata," akasema. Nikajibu nina kazi za shule, nikaingia ndani nikalia.

Baba aliporudi nikamwambia, "Baba, mama Kabula amehamishia mpunga wetu wote kwake." Nikaishia hapo. Habari za daktari sikuzigusa. Sikudanganya hata neno moja, na hicho ndicho kinachonitesa zaidi.

Mwaka juzi ng'ombe wa Wasukuma waliingia shambani kwetu, na tangu hapo baba hataki kusikia habari za wafugaji, ingawa mama Kabula hana hata ndama, maziwa yenyewe ananunua. Baba akamfuata mbele ya wateja wake. "Ng'ombe wenu wamemaliza shambani, sasa mmehamia kwenye magunia?" Magunia yakarudi chumbani siku ileile. Mama alipojaribu kueleza alichosema daktari, baba akamuuliza, "Huyo daktari ndiye aliyelima?"

Tangu siku hiyo mama Kabula hapiti kwetu. Chafya zimerudi, dawa zimeisha, mama anashinda chumbani mlango umefungwa. Hajui ni mimi. "Hata yule kanichoka," ndivyo anavyosema.

Sasa mimi ndiye ninayempelekea uji na kukaa naye. Juzi alinishika mkono akasema, "Nimebaki na wewe tu, mwanangu." Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kabisa, huku namuona anavyokwisha.

Nikimwambia ukweli, naogopa ataona hana mtu hata mmoja. Nikinyamaza, naogopa yale maneno niliyoyasikia dirishani, ya kulala asiamke. Kwa mama Kabula nimefika mara mbili kumwomba msamaha. Mara zote mbili sauti haikutoka, akanipimia maziwa bila kuniuliza kitu, nikalipa nikaondoka.

Kliniki yake ni Alhamisi hii na amesema haendi. Mnaosoma hapa, mama zangu, dada zangu, nianze kwa nani? Kwa mama, kwa baba, au kwa mama Kabula? Na mkinishauri, niandikieni na maneno yenyewe ya kusema, niyakariri. Nitukaneni pia kama mnaona inafaa, ila nijibuni kabla ya Alhamisi.