Kipanya Kimoja, Watu Wawili

Mjomba wangu wamembandika jina la Mzee Pole, na hakuna aliyemwonea. Akianza kuchora kadi ya harusi, bwana harusi ajiandae kwa subira. Mkewe, yaani mkaza mjomba wangu, ndiye Bi Herufi. Huyo anachapa barua za watu kama mvua juu ya bati, na ukikosea nukta mbele yake utajuta. Wana duka la kuchapa lenye chumba kimoja na stoo kwa nyuma, na wanakaa meza moja kama watoto wa shule.

Meza yenyewe ni finyu. Kila mmoja ana kompyuta na kibodi yake, lakini kipanya na skana ni vya shirika. Katikati kuna kisanduku chenye kitufe. Ukikibonyeza, kipanya na skana vinahamia kompyuta ya pili. Anayekitaka kipanya husema "Hodi," na mwenzake hujibu "Karibu" kisha akabonyeza. Niliwahi kuwashauri wanunue cha pili. Bi Herufi alinitazama kana kwamba nimewaambia wanunue kitanda cha pili.

Mwezi uliopita kipanya kikaanza kuganda. Bi Herufi akanipigia simu kwa sauti ya chini, yeye ambaye akinong'ona jirani anaitika.

"Mwanangu, njoo unitibie hiki kisanduku. Mjomba wako anasema kikishindikana atahamishia kompyuta yake stoo, kila mtu ajitegemee. Labda kelele zangu zimemchosha."

Roho iliniuma. Nikafunga kibanda changu cha ufundi, nikaenda.

Nilichomeka kipanya moja kwa moja kwenye kompyuta, kikakimbia vizuri tu. Nikakirudisha kwenye kisanduku, kikatembea kidogo, kikagoma kama punda katikati ya kadi ya mtu. Nikabadilisha waya unaotoka kwenye kisanduku kwenda kwenye kompyuta. Wapi! Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima ile tabia ya kompyuta kukata umeme kwenye matundu yake ili kubana matumizi. Bado. Hapo nikaanza kupandisha hasira, na mimi nikipandisha huwa nageuza vitu juu chini. Nikakigeuza kisanduku. Ubavuni nikaona tundu dogo la umeme, tupu. Kumbe maskini kisanduku kilikuwa kinalisha skana na kipanya kwa umeme wa kuombaomba kutoka kwenye kompyuta, na skana ikishiba, kipanya kinalala njaa.

"Mjomba, hapa hapakuwa na waya?"

Mzee Pole akakohoa. "Ule mfupi? Niliuondoa. Kisanduku kiliendelea kuwaka taa, nikaona hauna kazi."

"Na kichwa chake cha chaja?"

Akaonyesha chini ya meza kwa kidevu. Nikainama. Nyuma ya kapu la karatasi kulikuwa na feni ndogo iliyochomekwa kwenye kichwa hicho, inapuliza miguu ya Bi Herufi. Feni yenyewe Bi Herufi aliijua. Alichokuwa hajui ni mahali umeme wake ulikotoka.

"Miguu yake inavimba akikaa sana," mjomba akaniambia, kana kwamba mkewe hayupo. "Na soketi zote zilikuwa zimejaa."

"Kwa hiyo ni wewe!" Bi Herufi akaruka. "Siku zote hizi nakitukana kisanduku cha watu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Unaniuma huku unanipuliza!" Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Na huko stoo ulitaka kwenda kufanya nini?"

"Nilidhani nakuchelewesha. Kila kikiganda unasonya. Nikajua umenichoka."

"Nimekichoka kipanya, mume wangu. Wewe sijakuchoka."

Mjomba akaanza kutafuta miwani yake, na ilikuwa usoni.

Nilitoa kwenye begi kichwa cha chaja chenye matundu mawili, moja la feni, moja la kisanduku. Skana ikanguruma na kipanya kikaendelea kutembea. Kwa tahadhari tu nikaweka mezani kipanya cha akiba. Bi Herufi akakirudisha kwenye begi langu na kufunga zipu mwenyewe.

"Hodi," akamwambia mumewe.

"Karibu," akajibu, akabonyeza, ingawa alikuwa katikati ya ua la kadi.

Wiki iliyofuata nilipita kuwajulia hali. Stoo ilikuwa imejaa makatoni ya karatasi kutoka sakafuni hadi darini. Hata kigoda kisingepita, sembuse meza. Nikamuuliza mjomba ni nani aliyeyapanga vile.

"Mkaza mjomba wako," akasema bila kuacha kuchora. "Mimi nilimsaidia kubeba."