Nilivyokumbatiwa na Mama Mkwe Mpakani Tunduma

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: nimewahi kusimama katikati ya Tunduma, mchana kweupe, nimevaa chupi na shati la mikono mirefu, huku nimekumbatiwa na mama mkwe wangu. Mnaotaka kucheka chekeni mmalize kabisa, maana nataka kuwataja walionifikisha pale, na wakisoma wajijue.

Wa kwanza ni Ezekia, mwenyekiti wa kwaya yetu ya Iyula. Ndiye aliyeleta wazo kwamba tukishauza kahawa tukodi Coaster tukatalii Tunduma kama wazungu, tukae dirishani tuonyeshwe mpaka na soko na malori yaliyopanga foleni, halafu tupigwe picha tuje tuwaringie waliobaki. Wa pili ni Jofu mpiga picha, mtu asiye na aibu hata ya kuazima. Mimi wakati huo mke wangu Skola alikuwa amerudi kwao, kijiji cha Ruanda, tangu masika (tuligombana, na yeye alikuwa na haki yake kidogo, tuyaache hayo), na wazee wa kwao walikuwa wamekubali kukaa Jumapili inayofuata waamue kama anarudi au ndiyo basi. Kwa hiyo wiki ile nilitakiwa niwe mtu wa heshima, nisisikike kilabuni wala kwenye ugomvi. Nikaona safari ya kwaya ina ubaya gani? Nikaazima suti, nikapanda.

Tumefika Ruanda, gari likasimama. Nachungulia nani anapanda, naona mama mkwe!

Kwa asiyejua mila zetu, mama mkwe huwa hamtazamani usoni. Mkikutana njiani unaingia kwenye mahindi mpaka apite, na ukiwa na neno naye unamwambia mtu wa tatu ndiye amwambie, hata kama mwenyewe amesimama pale pale anasikia. Sasa ndani ya Coaster mahindi yako wapi? Mwenye akili angeshuka. Mimi, kwa tamaa ya picha ya suti, nikavua koti nikajifunika kichwa nikajifanya naumwa. Uamuzi wenyewe ndio huo, na yote yaliyofuata yalitoka humo.

"Ezekia, ulijua huyu mama anakuja!" nikamnong'oneza kutoka ndani ya koti.

"Baba Tumaini, gari ni la waimbaji, siyo la ukoo wako. Huyu mama ndiye sauti ya kwanza ya Ruanda, nimwache barabarani?"

Nikamsikia mama mkwe anamwambia jirani yake, tena kwa sauti, "Mwambieni huyo aliyejifunika apumue tu, mimi naangalia nje."

Gari zima likaangua kicheko. Kwaya nzima, watu wa Mungu!

Tunduma nimeitalii kwa masikio. Dereva anaendesha polepole, Ezekia kasimama mbele anaeleza kama mtu aliyezaliwa forodhani, "Kule ndiko Nakonde, jamani, kule ni Zambia," wenzangu wanasema aaah, mimi naona bitana ya koti. Tukashushwa karibu na mpaka kwa picha ya pamoja, nami nikashuka na koti langu kichwani, nimeliachia upenyo mdogo wa kuonea vidole vya miguu.

"Wewe mwenye koti!" Jofu akapiga kelele. "Sogea kwa huyo mama, unaniharibia picha!"

Nikasogea kweli, ila kinyumenyume. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, nikaiangukia meza ya mbadilisha fedha, na kwacha zikatawanyika barabarani kama makapi ya maharage.

"Mwizi!"

Ningesimama nikajieleza. Nikakimbia (wa tatu wa kutajwa ni miguu yangu). Sasa niambieni, mtu anayetimka kati ya wabadilisha fedha huku kajifunika uso, utasema anawahi ibada? Wakanidaka. Koti likaenda, mmoja akavuta mkanda, na suruali ya kuazima, ambayo mwenyewe ana tumbo, ikaniacha bila hata kuaga. Nikaona mtu ameinua jiwe. Ezekia yuko mlangoni mwa gari anasema jamani, jamani, kama mbuzi. Jofu anapiga picha.

Ndipo mtu akapenya akanikumbatia mzimamzima. "Mwacheni! Huyu ni mkwe wangu! Mkitaka kumpiga anzeni na mimi!"

Mikono yote ikashuka. Mzee mmoja wa Kinamwanga, kabila lenye mwiko kama wetu, akashika mdomo. "Mkwe? Mama, ni mkwe wako kweli, na mmeshikana hivyo?"

"Ndiyo, ni mkwe wangu!"

Wakarudi nyuma wote, wakituogopa kama ndui, hata mwenye kwacha akaokota zake kimya kimya. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri afadhali lile jiwe.

Kurudi suruali haikuonekana, koti tu ndilo liliokotwa, nikajifunga kiunoni kama kitenge, kwa hiyo safari hii aliyejifunika kichwa alikuwa mama mkwe.

Jumapili wazee wakakataa kukaa. Mkwe na mama mkwe wameshikana, kesi ya mke itaanzia wapi? Wakasema nilete mbuzi wa kutusafisha kwanza, halafu wataangalia. Nikampeleka, nikasimama nje ya ua nimegeukia barabara, moyo umekufa, najua Skola ndiyo basi tena.

Nikamsikia mama mkwe ndani, anamwambia Skola lakini kwa sauti ya kunifikia mimi. "Mwambie mkwe, mbuzi tumempokea. Na wewe fungasha. Waliniuliza mbele ya mji mzima kama huyu ni mkwe wangu kweli, nikasema ndiyo. Nikikubakiza hapa, nitakuwa nimewadanganya watu wa Tunduma."

Skola akatoka na kapu lake, amebana kicheko mpaka machozi yanamtoka.

Ezekia bado anausimulia mkasa huu misibani, na bado hatusalimiani. Mimi utalii nimeacha. Siku nikitamani kuuona mpaka nitakwenda kwa miguu, peke yangu, suruali nimeifunga kwa kamba ya katani.