Kukhu Mbele ya Baraza la Mji

Ipo jioni moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, hata niwe kanisani. Ni jioni ambayo mama mkwe wangu alipewa nafasi ya kusema mbele ya baraza la mji, akaimaliza yote kwa salamu.

Siku hizo nilikuwa bado kijana, mwuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Lanham, Marekani. Tuliishi ghorofa ya nane katika mji mdogo usio mbali na Silver Spring. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Bungoma kunisaidia kulea mtoto wa pili. Watoto walimwita Kukhu, kama sisi Waluhya tunavyowaita bibi zetu, na mwishowe kila mtu akamwita hivyo.

Baridi ilipoingia, Kukhu akafungika ndani. Mimi na mume wangu tulikuwa kazini, mtoto wetu wa kwanza, Brian, yuko shule, na Kukhu yuko dirishani na yule mdogo mgongoni. Aliyajua magari yote ya pale chini, lile jekundu linatoka lini na lile jeupe linarudi lini, lakini hakumjua mwenye gari hata mmoja. Siku moja akaniambia, tena bila hasira, "Mama Brian, kwetu hata mbuzi hufunguliwa asubuhi."

Neno hilo lilinichoma. Nikamweleza rafiki yangu Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, kumbe naye mama yake alikuwa amefungika vilevile mtaa wa pili. Tukaomba ukumbi wa chini wa kanisa moja, tukaanzisha kikao cha wazee kila Jumanne na Alhamisi. Walikula pamoja, wakajifunza kupanda basi na kumweleza daktari panapouma. Walikuja Wakenya, Wakongomani, na bibi mmoja wa El Salvador aliyevutwa na harufu ya chapati, akaonja, akabaki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kukhu akaanza tena kuimba akiosha vyombo.

Lakini sisi waandaaji tulikuwa tukitoka zamu ya usiku tunaingia jikoni. Mama Furaha aliwahi kusinzia amesimama, mwiko mkononi. Halafu gari tulilokuwa tukiazima la kuwabebea wazee likafa. Tukaona wazi kwamba kikao hakitafika kiangazi. Kukhu naye hakuficha: kikifa, yeye hatakaa dirishani msimu mwingine wa baridi. Atarudi nyumbani.

Ndipo tukasikia kwamba kila mwaka serikali kuu huupa mji fedha za kusaidia huduma za wananchi, na mji wenyewe ndio huamua nani apate: wanaolisha wenye njaa, wanaofundisha watoto baada ya shule, wanaohifadhi wasio na makao. Na kabla ya kuamua, baraza hukaa hadharani, mkazi yeyote akaja akasema lake.

"Tuombe tu, dada," Mama Furaha akasema. "Ni wewe utaongea. Kiingereza yako iko bien."

Nikaandika hotuba, nikawa naisoma kwa sauti nikipika. Kukhu akaniuliza inasemaje. Nikamweleza kwa Kiswahili: wazee wetu ni wapweke, ni wanyonge, hawana wa kuwasemea. Akaweka chini kisu cha kukatia sukuma wiki.

"Mbona mnanililia kama marehemu, na mimi nimekaa hapa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," akasema. "Nitasema mwenyewe. Wewe utageuza maneno."

Ningemkataliaje? Heshima si utumwa, mwanangu. Nikaikunja hotuba yangu nikaiweka kwenye droo, ingawa niliogopa. Kukhu hakuwa na Kiingereza zaidi ya "thank you" na namba ya basi.

Jioni ile ukumbi wa baraza ulijaa pomoni. Wajumbe walikaa nyuma ya meza ya juu, na mbele yao palikuwa na meza ndogo yenye kipaza sauti na taa tatu. Ya kijani, sema. Ya njano, malizia. Nyekundu, nyamaza. Kila msemaji alikuwa na dakika tatu, basi. Ofisa wa mji akaeleza kwamba waombaji ni wengi kuliko fedha zenyewe, na wengine watakosa.

Tukaitwa. Kukhu akatembea polepole na gauni lake la kitenge, akashika meza kwa mikono miwili, akaanza. Alimsalimu mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akamuuliza hali ya nyumbani kwake. Akawasalimu wajumbe, mmoja baada ya mwingine. Mimi natafsiri. Akageuka akawasalimu watu wa nyuma. Akatoa salamu za Bungoma. Akamshukuru Mungu kwa mvua. Taa ikawa ya njano, nikamvuta kidogo mkono wa gauni. Akaitazama ile taa, akaipungia mkono, nayo akaisalimu. Kisha akakohoa, akajiweka sawa, akasema, "Sasa nimefika kwenye jambo lililonileta."

Nyekundu.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kicheko kizuri kisicho na dharau. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba muda umekwisha. Nilitamani sakafu ipasuke. Kukhu akarudi kitini akitabasamu, akaninong'oneza, "Watu wa heshima kweli. Wamenisikiliza."

Aliyefuata alikuwa mzee mmoja mrefu, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu aitwaye Clarence. Alikuwa amekuja kuuombea mradi wake: yeye na wenzake waliwatengenezea wazee na walemavu vishikio vya ngazi na njia za kupitishia viti vya magurudumu. Akasimama kwenye kipaza sauti, kisha badala ya kuwatazama wajumbe, akamgeukia Kukhu.

"Shikamoo, mama. Je, utaniruhusu nikufasirie?"

Nilishtuka. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Baadaye nilijua alikisoma ujanani katika madarasa ya jioni mtaa wa Shaw. Kukhu akaitikia marahaba kana kwamba alikuwa akimngojea. Mwenyekiti akainama kwa mwanasheria wa mji. Mwanasheria akafikiri, akainua mabega: hakuna sheria inayomkataza mtu kutumia dakika zake kusema maneno ya mwenzake.

Safari hii Kukhu hakumsalimu mtu.

"Sikuja kulilia njaa," akasema, na mzee Clarence akageuza. "Watoto wangu wananilisha. Lakini nimekaa juu kule miezi mingi bila mtu wa kuniita jina. Pale kanisani nimepata wenzangu. Yule bibi wa El Salvador hatusikilizani lugha, lakini magoti yetu yanaumwa sawasawa. Nimejifunza basi. Wiki iliyopita nilikwenda mwenyewe kununua unga, nikarudi. Mkikifunga kikao kile, mnaturudisha dirishani. Ni hayo tu."

Kisha akamtazama mzee Clarence. "Na wewe ulikuja kuomba nini?"

Akamweleza kwa ufupi. Kukhu akawageukia wajumbe. "Mwambieni huyu hapana mkimtazama usoni, kama mnaweza. Anawatengenezea wazee ngazi wasivunjike, halafu ananiazima mdomo wake. Ni mtu mwema, tena amelelewa vizuri."

Mzee wa watu akakwama. Akavua kofia, akaikunja. "Anasema," akaanza, "anasema kwamba mimi..." Hakuweza kuendelea. Ikabidi mimi nipaze sauti kutoka nyuma nimalizie, na ukumbi ukapiga makofi hata taa nyekundu hakuna aliyeiona.

Tukiwa tunatoka, nilimkimbilia. "Mzee, umetuachia nafasi yako yote. Na kama ukikosa?"

"Binti," akanijibu, "mimi wamenisikia kila mwaka. Yeye hawajamsikia. Lakini mbona ulikuwa unatetemeka kama aliyekuja kuomba sadaka? Unafanya kazi?"

"Zamu mbili."

"Unakatwa kodi?"

"Kila mshahara."

"Basi hii ni kodi yako, imezunguka kwa serikali kuu ikarudi. Umekuja kusema igawanywe vipi. Siku nyingine simama wima."

Majibu yalipotoka, hatukupata tulichoomba. Tulipata kiasi cha kukodi gari na kumlipa mpishi wa siku mbili. Mzee Clarence alipata fedha za mbao, lakini za fundi wa pili akanyimwa. Kundi moja la watoto, tena zuri, lilikosa kabisa, nasi mwaka uliofuata tulikwenda kulisemea. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kukhu alikaa nasi misimu mingi ya baridi, na alipoondoka aliondoka kwa kupenda, akisindikizwa uwanja wa ndege na basi zima la wazee.

Basi mwanangu, nakuusia. Panapogawanywa mali ya umma, usibaki nyumbani ukanung'unika. Nenda, kaa kitini, jua nani anaamua na lini. Ukienda kumsemea mtu, mwulize kwanza kama hana mdomo, maana wengi tunaowaita wanyonge wamekosa kipaza sauti tu. Usimwone jirani aliyekuja kuomba kama wewe kuwa adui yako. Fungu ni dogo, ndiyo, lakini kijiko cha mwenzako hakijakukosea. Na ukipewa nusu, fanya nayo kazi ya maana, kisha urudi mwakani.

Mungu akupe majirani wanaokujua kwa jina. Akupe neno jema, na pa kulitamka, na watu wa kulipokea, na uzee wako ukifika, ukukute katikati ya wenzako, mnakula na kucheka. Amina.